Ramani za Michezo ya Mezani ya Kuigiza Wahusika: Mwongozo Kamili wa Kuzitafuta, Kuzichora na Kuzichapa kwa Kipimo Sahihi

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wasimamizi (wale wanaosimulia hadithi na kuongoza mchezo) wa michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, hasa Dungeons & Dragons, ni yale yale. Ramani imepakuliwa na inapendeza machoni, lakini ikichapwa miraba yake haitoshi kete za wahusika. Au ikiwekwa kwenye skrini, mistari ya programu inapishana na mistari ya picha. Au pambano linakwama mlangoni jioni nzima kwa sababu jengo halina njia nyingine ya kupita.

Matatizo haya yote yana chanzo kimoja: msimamizi ameanza na picha kabla ya kuamua mraba mmoja una urefu gani, na wachezaji watafanya maamuzi gani juu ya ramani hiyo. Mwongozo huu unaanza na kipimo, kisha unafuata picha. Tafadhali fuata hatua kwa mfuatano wake, kwa kuwa kila moja inategemea namba iliyowekwa katika hatua iliyotangulia.

## Vifaa vinavyohitajika

Kwa kuchora kwa mkono, andaa vitu hivi:

- Daftari la hesabu lenye miraba, kwa ajili ya rasimu.
- Karatasi za A3 au karatasi ngumu ya manila, kwa ajili ya ramani ya mezani.
- Penseli, kifutio, na rula ya sentimita 30. Rula ya mita moja hurahisisha kazi sana kwenye manila.
- Kalamu mbili za wino mweusi usiotoka kwa maji, moja nene ya kuta na moja nyembamba ya mistari ya ndani.
- Nailoni angavu ya kufunika ramani, au laminesheni ya steshenari, pamoja na kalamu ya ubao mweupe inayofutika.

Kwa kazi ya kompyuta, sakinisha GIMP au Krita, ambazo hazilipiwi na hufanya kazi bila intaneti. Dungeon Scrawl na Inkarnate hutumika ndani ya kivinjari, hivyo huhitaji bando muda wote wa kuchora. Wonderdraft, inayofaa ramani za nchi, na Dungeondraft, inayofaa ramani za majengo, hulipiwa mara moja na kusakinishwa kwenye kompyuta. Anayeishi mahali ambapo mtandao unakatika ovyo atafute kwanza programu zinazosakinishwa. Simu inatosha kwa kutafuta na kupakua, ila kazi ya kupima pikseli ifanyike kwenye kompyuta.

Kwa kete za wahusika, hakikisha upana wake haupiti sentimita 2.5. Vifuniko vya chupa za soda hupendwa kwa kuwa havinunuliwi, lakini ni vipana kidogo kuliko mraba huo, na wahusika wanne wakisimama pamoja vifuniko vyao husukumana. Ukitaka kuvitumia, ongeza mraba uwe wa sentimita 3 na ubadilishe hesabu zote zinazofuata.

## Hatua ya 1: Amua ramani itafanya kazi gani

Kuna ramani za aina tatu, na kuzichanganya ndiko kunakoharibu kazi mapema.

Ya kwanza ni ramani ya mapambano. Wachezaji huiona na huweka kete zao juu yake, na mahali alipo mhusika huamua kama atapigwa au atapona. Ya pili ni ramani ya msimamizi, inayoonyesha handaki au jengo zima pamoja na siri zake, na hubaki mikononi mwa msimamizi peke yake. Ya tatu ni ramani ya nchi, ya misitu, milima na barabara, ambayo hupima siku za safari.

Usichore ramani ya mapambano ya kila chumba. Chora ya mahali ambapo umbali, kizuizi au mwinuko utabadilisha uamuzi wa mchezaji. Mazungumzo na mwenye duka hayahitaji miraba, na ukiitandaza ramani wachezaji watasubiri vita visivyokuja.

*Dalili ya kufaulu:* unaweza kuandika sentensi moja inayosema wachezaji wataamua nini juu ya ramani hiyo, kwa mfano, "Wataamua kama waingie kwa mlango wa mbele au washukie uani kutoka juu ya dari." Kama sentensi hiyo haiandikiki, ramani hiyo bado haihitajiki.

## Hatua ya 2: Weka kipimo kabla ya kugusa picha yoyote

Katika kanuni za Dungeons & Dragons, mraba mmoja wa ramani ya mapambano ni futi 5, sawa na mita 1.5. Mezani mraba huo hupewa inchi moja. Mimi napendekeza sentimita 2.5 kamili badala ya 2.54, kwa sababu rula zetu ni za sentimita na tofauti hiyo haionekani chini ya kete. Skeli yake ni 1:60, yaani sentimita moja ya karatasi ni sentimita 60 za jengo halisi.

Kutokana na namba hiyo moja, mengine hujipanga yenyewe. Mhusika mwenye mwendo wa futi 30 huenda miraba 6 kwa zamu. Kiumbe wa ukubwa wa kati hukalia mraba mmoja, mkubwa hukalia 2 kwa 2, na mkubwa zaidi 3 kwa 3. Mpira wa moto wa mchawi wenye nusu kipenyo cha futi 20 hufunika upana wa miraba 8. Chumba kisichofikia miraba 8 kwa upande wowote kitajazwa na moto huo, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kuuweka mlango.

Karatasi nayo ina mipaka yake. Ukiacha pambizo ya kutosha, A4 hubeba miraba 7 kwa 10, A3 hubeba 10 kwa 15, na A1 hubeba 22 kwa 32.

Kwa ramani ya nchi, acha miraba utumie pembesita, kwa kuwa kutoka katikati ya pembesita moja hadi katikati ya jirani yake umbali ni ule ule kwa pande zote sita, ilhali kwenye miraba mwendo wa mshazari ni mrefu kuliko wa moja kwa moja. Pembesita yenye upana wa maili 6, karibu kilomita 10, inafaa sana: mwendo wa kawaida wa siku moja katika kanuni ni maili 24, hivyo msafara hupita pembesita 4 kwa siku na hesabu hufanyika kichwani.

Onyo. Ramani nyingi za zamani za mchezo huu zilichorwa kwa mraba wa futi 10. Ukiichukua mojawapo na kuihesabu kwa futi 5, ukumbi wa mfalme hugeuka stoo na joka halipati pa kujigeuza. Soma ufunguo wa ramani kwanza. Kama mraba ni wa futi 10, ugawe kila mraba kuwa minne kabla ya kuutumia.

## Hatua ya 3: Tafuta kabla ya kuchora

Kuchora ni kazi ya saa nyingi, na mara nyingi kitu unachokihitaji kimeshachorwa na mtu aliyekiruhusu kitumike. Maneno yanayoleta majibu mengi ni ya Kiingereza. Andika *battlemap*, aina ya mahali, na ukubwa kwa miraba, kwa mfano 20x30. Watengenezaji makini huandika ukubwa huo kwenye jina la faili. Ukikosekana, jiandae kwa kazi ya Hatua ya 4.

Kwa mahandaki ya wino mweusi, anza na kazi za mchoraji ajulikanaye kwa jina la Dyson Logos. Ramani zake zina kuta zilizozungushiwa mistari ya kukatana, zinasomeka vizuri, na hazimalizi wino wa printa. Baadhi yake ameziruhusu hata kwa kazi za biashara kwa masharti ya kumtaja.

Kwa ramani za papo hapo, tumia programu zinazobuni zenyewe. One Page Dungeon ya Watabou hutoa handaki dogo lenye maelezo, na mwenzake, Medieval Fantasy City Generator, hutoa mpango wa mji. Fantasy Map Generator ya Azgaar hutoa dunia nzima yenye mito, mipaka na majina. Kasoro ya programu hizi ni kwamba hazijui hadithi yako, kwa hiyo chukua matokeo yake kama rasimu, kisha futa na uongeze.

Kwa mwonekano wa kale, tafuta ramani za kihistoria ambazo hakimiliki yake imekwisha. Wikimedia Commons na mkusanyo wa David Rumsey zina nyingi zenye pikseli za kutosha. Wapo Georg Braun na Frans Hogenberg, ambao mwaka 1572 walianza kuchapisha mandhari za miji, na humo mna Kilwa na Mombasa. Mandhari hizo hazina kipimo cha kupigania, lakini kama karatasi ya kuwakabidhi wachezaji kabla ya safari hazina mfano. Kwa vichochoro, OpenStreetMap ina mitaa ya Mji Mkongwe wa Unguja, na mpangilio wake hukupa mji wenye kona za kweli ambazo programu ya kubuni haiwezi kuzifikiria.

Leseni izingatiwe kwa dhati, kwa heshima ya walioumiza macho kuchora. Leseni ya Creative Commons yenye herufi BY hukutaka umtaje mwenye kazi. Yenye NC hairuhusu biashara. Yenye ND hairuhusu kusambaza nakala uliyoibadilisha. Kuitumia ramani nyumbani na marafiki ni jambo moja, na kuiweka ndani ya kitabu cha mchezo unachokiuza ni jambo jingine kabisa.

*Dalili ya kufaulu:* una faili moja, unajua nani aliichora, kwa ruhusa gani, na mraba wake ni futi ngapi. Hayo matatu yaandike kwenye faili dogo la maandishi na uliweke pamoja na picha.

## Hatua ya 4: Pima picha uliyoipata

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na ndiyo inayowaangusha.

Fungua picha kwenye GIMP. Chukua kifaa cha kupimia, kiweke juu ya mstari wa kwanza wa gridi, ukivute hadi mstari wa kumi na moja, yaani upana wa miraba kumi. Usipime mraba mmoja tu. Ukikosea pikseli moja kwenye mraba mmoja, kosa hilo huzidishwa mara 30 upande wa pili wa ramani yenye miraba 30, lakini ukikosea pikseli moja kwenye miraba kumi, kila mraba umebeba sehemu ya kumi tu ya kosa.

Chukua mfano wa picha yenye upana wa pikseli 2,100. Miraba kumi imetoa pikseli 683, hivyo mraba mmoja ni 68.3. Hakuna programu ya mezani, yaani ya kuchezea mchezo huu kwenye skrini, itakayopenda namba hiyo. Roll20 huanza na pikseli 70 kwa mraba, na Foundry huanza na 100. Ukitaka 70, gawanya 70 kwa 68.3, upate karibu 1.025, na upana mpya wa picha uwe pikseli 2,152. Badilisha ukubwa, kisha pima tena: miraba kumi lazima itoe 700.

Rudia kipimo kwa wima. Ikiwa mlalo ni 68.3 na wima ni 70.1, picha imevutwa upande mmoja. Inaweza kunyooshwa kwa kubadilisha upana na kimo kila kimoja peke yake, ingawa miduara na maandishi huharibika kidogo. Ikiwa miraba ya upande wa kushoto ina ukubwa tofauti na ya kulia, kama inavyotokea mara nyingi kwenye picha zilizotengenezwa na akili unde, futa gridi yote au tafuta ramani nyingine, kwa sababu hakuna hesabu itakayoinyoosha.

Mwisho, kata kingo za picha ili mstari wa kwanza wa gridi uwe ukingo wenyewe wa picha, juu na kushoto, na wa mwisho uwe ukingo wa chini na wa kulia. Pambizo ya pikseli 15 iliyoachwa pembeni inatosha kuifanya gridi ya programu isilingane na ya picha hata baada ya kipimo kuwa sahihi.

*Dalili ya kufaulu:* upana wa picha ukigawanywa kwa idadi ya miraba, jibu ni namba kamili isiyo na desimali, na kimo nacho vivyo hivyo.

## Hatua ya 5: Chora ramani yako mwenyewe

Ramani zinazopatikana bila malipo zimejaa ngome na vilabu vya pombe vya Ulaya. Anayetaka kuiweka hadithi yake kwenye mji wa pwani hana budi kuchora. Mfano ninaouchagua ni nyumba ya mawe ya Lamu, kwa kuwa muundo wake unafahamika vizuri na unaingia kwenye mraba wa mita 1.5 bila kulazimishwa.

Dari ya nyumba hiyo hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoweka upana wa chumba, kwa kawaida mita 2.5 hadi 3. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hufikia karibu nusu mita. Chukua chumba cha mita 2.5, ongeza ukuta wa nusu mita, upate mita 3, yaani miraba miwili kamili kutoka katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta unaofuata. Kila chumba kiwe na upana wa miraba miwili na urefu utakaoutaka.

Piga rasimu kwenye daftari. Kila mraba wa daftari uhesabiwe kuwa mraba mmoja wa mchezo. Anzia mtaani: kichochoro cha mraba mmoja na nusu kwa upana. Kisha daka, sehemu ya kuingilia, lenye baraza za mawe pande zote mbili za mlango, kina cha mraba mmoja. Ndani ya mlango weka tekani (ukumbi mdogo wa kupitia) ya miraba miwili, na mlango wake wa ndani usielekeane na wa nje, ili anayepita mtaani asione uani. Baada yake kiwanda, uwanja ulio wazi juu, miraba 4 kwa 6. Nyuma ya kiwanda vifuatane vyumba vitatu virefu viitwavyo msana wa tini, msana wa yuu na ndani, kila kimoja miraba 2 kwa 6, vikiwa sambamba. Choo na kisima vikae kwenye ukanda wa miraba miwili ubavuni.

Jumla, pamoja na kichochoro, ni karibu miraba 15 kwa 8, na karatasi moja ya A3 inatosha na kubakisha nafasi ya nyumba ya jirani.

Weka alama za gridi. Kwenye A3, tia vidoa vya penseli kila sentimita 2.5 kwenye kingo zote nne, ukisoma moja kwa moja kutoka kwenye rula: 2.5, 5, 7.5, 10 na kuendelea. Usipime kila mraba kuanzia ule uliotangulia. Milimita moja inayopotea kila mraba huwa sentimita moja na nusu ifikapo mraba wa 15. Kisha unganisha vidoa kwa penseli nyepesi.

Chora kuta juu ya mistari. Kwa skeli ya 1:60, ukuta wa nusu mita ni milimita 8, hivyo toa milimita 4 kila upande wa mstari na ujaze kwa wino. Wengine huweka ukuta ndani ya mraba, wakala theluthi ya nafasi ya kete, kisha wanashangaa kwa nini wahusika wawili hawasimami bega kwa bega.

Weka milango, kisha samani. Mlango mmoja wa mraba mmoja hupitisha mhusika mmoja kwa wakati, na katika nyumba hii ndio silaha kubwa ya anayejihami, kwa kuwa vyumba viko sambamba na mshambuliaji hulazimika kuvuka mlango hadi mlango. Zidaka za ukuta wa ndani zichorwe kama vishimo vidogo ukutani. Hazizuii mwendo, lakini ni mahali pazuri pa kuficha barua au ufunguo. Kila samani iwe na jibu la swali moja: inazuia mwendo, inakinga mshale, au inaficha kitu? Isiyo na jibu isichorwe.

Ukizoea nyumba, jaribu kasri. Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, jengo la karne ya 14, lina vyumba zaidi ya mia moja na bwawa la pembenane. Pembenane huwatisha wachoraji wa miraba bila sababu. Chora mraba mkubwa wa 7 kwa 7, kata kila kona kwa mshazari wa miraba 2, na kila upande ulionyooka utabakiwa na miraba 3. Mishazari hiyo ni karibu sawa kwa urefu na pande zilizonyooka, na jicho halitaona tofauti.

## Hatua ya 6: Hakikisha kuna njia zaidi ya moja

Kabla ya kupaka wino wa mwisho, weka rasimu pembeni na uchore kitone kwa kila chumba na mstari kwa kila mlango. Ukiona mnyororo mmoja kutoka mtaani hadi ndani, umeshakipata chanzo cha mapambano yanayokwama mlangoni. Jennell Jaquays, mchoraji na mbunifu wa Marekani, anakumbukwa na wasimamizi hadi leo kwa mahandaki yenye njia zinazozunguka na kukutana tena, na kanuni hiyo inafaa nyumba kama inavyofaa pango.

Nyumba ya Lamu ina njia zake za asili. Ngazi hutoka tekani hadi ghorofani na darini. Kiwanda kiko wazi juu, na mwenye kamba anaweza kushuka. Kuna na wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili, ambacho kwa mchezo ni zawadi kubwa: wanaofukuzwa hutoweka juu huku wanaowafuata wakipita chini yao. Weka angalau njia mbili kati ya hizi tatu.

*Dalili ya kufaulu:* funika mlango wowote mmoja kwa kidole. Ikiwa wachezaji bado wanaweza kufika mwisho, hata kwa njia ngumu zaidi, ramani imepita. Rudia kwa kila mlango.

## Hatua ya 7: Tenganisha nakala ya wachezaji na ya msimamizi

Nakala ya wachezaji haina namba za vyumba, mitego wala milango ya siri. Ya msimamizi ina vyote. Kwenye kompyuta, weka kuta na sakafu kwenye tabaka moja, samani kwenye la pili, na siri kwenye la tatu, kisha hifadhi picha mara mbili, tabaka la siri likiwa limezimwa mara ya kwanza na kuwashwa mara ya pili. Kwa mkono, rasimu ya daftari ndiyo iwe nakala ya msimamizi. Inatosha na haihitaji urembo.

Onyo. Ukuta mnene usio na sababu humwambia mchezaji mwenye macho kwamba kuna chumba nyuma yake. Chora kuta mbili au tatu nene ambazo hazifichi kitu.

## Hatua ya 8: Chapa au pakia

Kwa kuchapa, weka kwanza ukubwa wa karatasi wa picha yenyewe. Upana ni idadi ya miraba mara sentimita 2.5, kwa hiyo ramani ya miraba 20 ni sentimita 50. Uweke kwenye sehemu ya GIMP ya ukubwa wa kuchapa, bila kubadilisha pikseli. Picha yenye pikseli 70 kwa mraba itachapika ikiwa na ukungu kidogo, na yenye 140 au zaidi itatoka safi.

Hifadhi kama PDF, kisha kwenye dirisha la kuchapa chagua ukubwa halisi, asilimia 100. Printa nyingi huja na mpangilio wa kupunguza picha ili ienee ukurasani, na huo ndio unaotoa miraba ya sentimita 2.3 baada ya kazi yote hiyo. Ukienda steshenari, mwambie fundi jambo hili kwa mdomo na usimwachie flashi ukaondoka. Omba ukurasa mmoja kwanza, uupime kwa rula hapo hapo: miraba minne lazima itoe sentimita 10.

Ramani iliyo kubwa kuliko karatasi igawanywe. Acrobat Reader ina chaguo la kuchapa kama bango kwenye kurasa nyingi, na programu ya PosteRazor hufanya kazi hiyo bila malipo. Ruhusu kurasa zipishane kwa sentimita moja, kata ukingo mmoja tu wa kila jozi, na ugundishe kwa nyuma.

Kwa skrini, ingiza kwenye programu pikseli za mraba mmoja ulizozipata katika Hatua ya 4, pamoja na idadi ya miraba kwa upana na kwa kimo. Usivute picha kwa kipanya ukikadiria kwa jicho. Kisha kagua kona ya chini kulia, kwa kuwa kosa lolote huonekana hapo kabla ya kwingineko.

## Hatua ya 9: Ifunue kidogo kidogo mezani

Roll20, Foundry na Owlbear Rodeo zina ukungu unaofunika sehemu ambazo wahusika hawajaziona. Uwashe kabla ya kuwaalika wachezaji, na ingia kwa akaunti ya pili au kwa simu kuhakikisha kwamba wao hawaoni kitu. Kwenye karatasi, kata vipande vya manila kwa umbo la kila chumba na uviondoe kimoja kimoja mlango unapofunguliwa. Hapa vyumba vya miraba miwili vina faida nyingine, maana kipande kimoja cha sentimita 5 kwa 15 hufunika msana wowote kati ya hiyo miwili na ndani pia.

Tandaza nailoni juu ya ramani na utumie kalamu ya ubao mweupe kuonyesha moto, damu, mlango uliovunjwa na sehemu iliyoporomoka. Futa wino huo usiku ule ule, kwani ukikaa siku nyingi huganda na kuacha kivuli.

Mchezo ukiisha, hifadhi faili kwa jina linaloeleza kila kitu, kwa mfano *nyumba-lamu_8x15_futi5_px140_wachezaji*, na nakala ya msimamizi kando yake. Ramani ya karatasi ikunjwe mviringo ndani ya bomba la kadibodi, upande uliochorwa ukiwa nje, ili ikitandazwa tena kingo zielekee chini na zisiinuke kusukuma kete.